Ukelele wa Wapiga Kasia: pale neno linapoacha maana na kuanza kazi

Mwezi wa Aprili mwaka 1858 mitumbwi miwili ilitoka Ujiji, ikaambaa na ufuko wa Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini. Ndani yake walikuwamo Waingereza wawili waliokuwa hoi kwa maradhi. John Hanning Speke alikuwa anasumbuliwa na macho. Richard Burton miguu haikumbeba, na ulimi wake ulikuwa umejaa vidonda hata kusema kulikuwa taabu. Walikuwa wanautafuta Mto Ruzizi, wapate kujua kama unatoka ziwani au unaingia. Walipofika Uvira wakaambiwa jambo ambalo kila mkaazi wa pale alilijua tangu utotoni: Ruzizi unaingia. Ndoto ya Burton ya kuwa ameliona chimbuko la Nile ikazama palepale.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 kuhusu safari hiyo, Burton anazieleza kelele za wapiga kasia wake. Kwa masikio yake ulikuwa mlio mrefu, wa huzuni, usiobadilika, unaoitikiwa kwa vifijo na kikosi kizima. Kisha anaongeza jambo dogo ambalo wapenzi wa muziki wa ukanda huu wangefaa kulisoma polepole: mara kwa mara wavulana waliomo chomboni walipiga ukelele mkali wa furaha, na watu wazima wakiusikia walipandwa mori.

Mtu huyu alijua lugha nyingi kupita wasafiri karibu wote wa zama zake, lakini hapo alisikia makelele tu. Ukelele ule, ukiuandika kwenye karatasi, hauna maana. Haumo katika kamusi yoyote. Lakini mikono ilikuwa imechoka, jua lilikuwa kali, Uvira ilikuwa bado mbali, na mtumbwi ulikwenda kwa ukelele huo.

Hadithi ya maneno ya aina hiyo, maneno yanayochezewa, yanayogeuzwa, yanayopasuliwa na kuungwa upya mpaka yanabaki sauti na nguvu yake, ni sehemu kubwa ya hadithi ya muziki wa mashariki ya Kongo na wa majirani wake. Na pwani ya kaskazini ya Tanganyika ni mahali pazuri pa kuisikilizia, kwa sababu hapo lugha zimesongamana kama abiria ndani ya boti.

Hata jina la ziwa limekuwa uwanja wa mchezo huo. Burton mwenyewe aliambiwa, au alifikiri ameambiwa, kwamba linatokana na kitenzi kinachomaanisha kuungana au kukutana, ndugu wa kuchanganyika kwetu. Wengine wamelikata vipande viwili, tanga na nyika, wakapata tanga la mashua lililotandazwa juu ya pori la maji. Wanaisimu wanaweza kubishana. Mtunzi wa nyimbo hana haja ya kuchagua, maana kwake majibu yote mawili yana mdundo.

Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na maji. Kusini iko bandari ya Kalundu, kaskazini iko Kavimvira na njia ya mpakani inayokwenda Gatumba hadi Bujumbura, mwendo usiofika kilomita thelathini. Mtu mmoja, katika siku moja, anaweza kuamka na Kifuliru au Kivira nyumbani, akapatana bei ya ndakala, dagaa wa ziwani, kwa Kiswahili sokoni, akamjibu mteja kwa Kirundi, akapisha abiria wa Baraka wanaozungumza Kibembe, akajaza karatasi ya ofisini kwa Kifaransa, na jioni akacheza muziki kwa Lingala. Lingala hiyo ilifika na wanajeshi, maana ndiyo lugha ya jeshi tangu enzi za Wabelgiji. Ilifika pia na sahani za santuri na redio, na hiyo ndiyo njia iliyopendwa zaidi.

Kiswahili cha hapo kina umbo lake. Maji ni mayi. Mtu ni mutu, na wakiwa wengi ni batu. Mtoto akipendwa anakuwa katoto. Shukrani ni aksanti, na Mwaka Mpya unaitwa Bonane, neno la Kifaransa lililokunjwa mpaka likaingia mdomoni bila kukwaruza. Wako walimu na wageni kutoka pwani ya Bahari ya Hindi wanaokiita Kiswahili kilichovunjika. Hapana. Kina kanuni zake, kina sarufi iliyochunguzwa na kuandikwa vitabuni, na kina jambo moja ambalo Kiswahili sanifu kimelipunguza kwa kujiheshimu mno: ruhusa ya kuchezea neno mbele za watu.

Ruhusa hiyo imezaa maneno mazito pia. Kadogo lilikuwa neno la kubembelezea chochote kidogo, mpaka vita vya mwaka 1996 vilipowapa jina hilo watoto waliobeba bunduki, na magazeti ya Ulaya yakalichukua hivyohivyo. Mayi, maji ya kunywa na kuogea, yalirudiwa mara mbili yakawa Mayi-Mayi, wapiganaji wa vilimani walioamini maji yenye dawa yatazuia risasi. Kurudia neno ni mchezo wa kwanza anaojifunza mtoto, na hapa mchezo huo uliingia hadi kwenye ripoti za Umoja wa Mataifa.

Kuna mfano mwingine, huu mwepesi. Wavuvi wa ndakala hufanya kazi usiku, wakiwavuta samaki kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, hivyo kazi hushamiri katika usiku wa giza. Wale wa ncha ya kaskazini ya ziwa walipoanza kutumia vyombo vikubwa vya mitumbwi iliyofungwa pamoja na wavu wa kuinua, vyombo hivyo viliitwa apolo, jina lilelile la vyombo vya Wamarekani vilivyofika mwezini. Apolo ya Tanganyika husubiri mwezi uondoke ndipo iende kazini. Aliyelileta jina hilo hakujulikana kama mshairi, lakini huo ni ubeti kamili.

Sasa turudi kwenye ukelele.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bendi ya Zaiko Langa Langa ya Kinshasa iliwachukua vijana kutoka vikundi vya ngoma za mitaani na kuwapa kazi mpya jukwaani. Hawakuwa waimbaji hasa. Kazi yao ilikuwa kupiga kelele: kushika chombo cha kutikisa, kungoja gitaa liingie kwenye sebene, ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo masimulizi yamekwisha na miguu imeamka, kisha kurusha maneno. Mawili kati ya majina ya mwanzo yanayokumbukwa ni Nono na Bébé. Maneno waliyorusha yalitoka katika Kikongo, katika Lingala, katika utani wa mtaani, katika kilio cha muuza bidhaa, na mengine hayakutoka popote. Ukelele mmoja wa Kikongo, wenye maana ya kumtaka mtu atazame hapa, ulishika sana hadi ukawa jina la kazi yenyewe. Tangu hapo mpiga kelele wa bendi ya Kikongo anaitwa atalaku.

Jina la bendi yenyewe lilikuwa mchezo wa silabi. Zaiko ni mkato wa Zaïre ya bankoko, Zaire ya mababu. Ilianzishwa Desemba 1969, wakati nchi bado inaitwa Kongo. Mobutu alikuja kuiita Zaire mwaka 1971. Miaka michache baadaye mwimbaji Papa Wemba naye aliuita mtaa wake wa Matonge Molokai, jina linalosikika kama kisiwa cha mbali baharini, na kweli kisiwa hicho kipo. Lakini ukilipasua unakuta barabara tano za jirani: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda, Inzia. Aligeuza vibao vya barabara kuwa ufalme. Mtu anayeona hapo uzushi wa vijana wasio na kazi amepitwa na utunzi.

Fikiria atalaku anavyofanya kazi, kwa karibu. Mwimbaji amemaliza kisa chake cha mapenzi. Gitaa la solo linaanza kuzunguka juu ya nota chache, lile lile, lile lile. Atalaku anakaa kimya kwa mizunguko miwili. Halafu anatupa neno moja fupi lenye irabu wazi, analiacha lianguke kabla kidogo ya ngoma, analirudia, analigeuza mkia, analikata nusu, na wachezaji wanabadili hatua palepale kwa sababu wanajua neno hilo linaitaka nyonga, siyo bega. Maana ya neno iko kwenye nyonga. Mkazi wa Uvira asiyejua Kikongo hata chembe hakosi hatua, kwa kuwa amri imepita sikioni ikaenda moja kwa moja mwilini bila kusimama kichwani.

Majina ya mitindo yamezaliwa hivyohivyo. Soukous ilianzia kwenye kitenzi cha Kifaransa cha kutikisa. Kuhusu kwasa kwasa, iliyovuma katikati ya miaka ya 1980, inasimuliwa kwamba ni swali la Kifaransa, quoi ça, hicho ni nini, lililosagwa na kurudiwa. Kama simulizi hiyo ni ya kweli, basi Afrika ya Kati na Mashariki ilicheza miaka kadhaa juu ya swali, na hakuna aliyengoja jibu.

Wachache wanalijua jiwe la Kinshasa, nalo linastahili kusimuliwa kwa utulivu.

Katika Lingala jiwe ni libanga. Kulipiga jiwe, kobeta libanga, ni kuhangaika kutafuta riziki, kama mtu anayeponda kokoto kando ya barabara. Mwimbaji Pépé Kallé na bendi ya Empire Bakuba waliuingiza usemi huo katika jina la wimbo wao maarufu wa miaka ya 1980, wakauunganisha na Kifungu cha 15, kile kifungu ambacho hakimo katika sheria yoyote lakini kila Mkongo anakijua: jitegemee, tafuta namna. Halafu kuna kulitupa jiwe, kobwaka libanga. Huko ni kulitaja jina la mtu katikati ya wimbo, mfanyabiashara, mwanasiasa, ndugu aliyeko Brussels, naye akatoa pesa kwa kutajwa. Jiwe moja, vitenzi viwili: la kwanza unalipiga upate kula, la pili unalitupa upate kula vizuri zaidi.

Kitenzi hichohicho cha kutupa kimezaa mbwakela, neno la Lingala la maneno yanayorushwa kwa mafumbo, ambayo mwanamuziki Franco alikuwa bingwa wake. Anamsema mtu bila kumtaja, na mji mzima unajua ni nani.

Msomaji wa Zanzibar au Mombasa atakuwa ameshatabasamu. Kwetu pia husemwa kwamba fulani ametupa jiwe gizani: amerusha neno bila kutaja jina, na atakayelalamika ndiye limempata. Taarabu imeishi kwa jiwe hilo tangu siku za Siti binti Saad, aliyerekodi nyimbo zake Bombay kuanzia 1928, hadi mipasho ya Dar es Salaam ya miaka ya 1990. Kwa hiyo pande mbili za ziwa zina jiwe. Upande wa pwani jiwe huruka gizani na huficha jina. Kinshasa linaweza kufanya hivyo pia, lakini jiwe la sebene hutupwa chini ya taa zote za jukwaa, nalo ni jina lenyewe. Uvira iko katikati. Mtu wa hapo amezisikia santuri za pande zote mbili, na anajua kucheka kwa sababu zote mbili.

Pwani ina mchezo mwingine ambao watoto wanaujua kabla ya kuujua ushairi: kinyume. Silabi ya mwisho inapelekwa mbele na neno linageuka siri. Kamusi za zamani za Kiswahili zinautaja, ishara kwamba umri wake ni mkubwa. Ukiucheza ufukoni mwa Tanganyika unapata vito. Ziwa linakuwa wazi. Wali unakuwa liwa. Mali inakuwa lima, na hapo mchezo umeshatoa hoja nzima ya uchumi wa bonde la Ruzizi bila hata kukunja uso.

Vijana wa Kivu nao wamejenga zaidi ya hayo. Mwaka 1988 mwanaisimu Didier Goyvaerts alichapisha utafiti kuhusu Indoubil ya Bukavu, lugha ya vijana iliyozaliwa Kinshasa na ilipofika mashariki ikavaa Kiswahili. Jina lake linaunganisha Mhindi na Bill, yaani filamu za India na Buffalo Bill wa filamu za Marekani, mashujaa wa sinema za miaka ya 1950. Huko Goma kuna yabacrâne, jina lenye viunganishi vya Kibantu mwanzoni na fuvu la Kifaransa mwishoni. Lugha hizi zinazaliwa ili mzee asisikie. Wanamuziki wanaziokota, wanaziweka ndani ya wimbo, mzee anazisikia, na vijana wanalazimika kutunga nyingine.

Wala jambo hili halina mpaka wa bara. John Lennon, kijana wa Liverpool, mji wa bandari wenye mchanganyiko wa lafudhi, alitoa mwaka 1964 kitabu cha vijihadithi na michoro kilichojaa maneno yaliyopindwa makusudi, kisha kingine mwaka 1965. Mwaka 1967 alipopata barua ya mwanafunzi wa shule aliyosoma, ikimweleza kwamba mwalimu anawachambulia nyimbo za bendi yake, Beatles, darasani, aliandika kwa makusudi wimbo wenye picha zisizofungamana, ule wa mnyama wa baharini mwenye pembe mbili ndefu. Alitaka wachambuzi wahangaike, na wamehangaika hadi leo. Tofauti yake na atalaku ni kwamba Lennon alikuwa anawatania wasomaji. Atalaku anawahudumia wachezaji.

Na masikio hubadilishana nafasi. Khadja Nin, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1959, alipotoa albamu yake Sambolera mwaka 1996, Wabelgiji na Wafaransa wengi waliununua wimbo wake Sina Mali, Sina Deni bila kuelewa neno hata moja. Kwao Kiswahili kilikuwa sauti laini juu ya muziki ambao asili yake ni Stevie Wonder. Ng'ambo ya maji, kwa mama anayeanika ndakala mchangani, jina la wimbo huo ni maelezo kamili ya hali yake ya fedha. Upuuzi wa sikio moja ni hesabu ya sikio jingine.

Lakini mtunzi aliyeonyesha vizuri kuliko wote jinsi neno la mzaha linavyoweza kubeba mzigo ni mwana wa mashariki ya Kongo aliyekwenda kufia Dar es Salaam. Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake. Mganga akamshauri ajifungulie porini na asimnyoe mtoto nywele. Mtoto akatoka na meno mawili mdomoni, dalili kwa watu wa kwao kwamba ni mtu wa tiba, na baadaye jina Dokta likamganda. Alibaki yatima mapema, akakua na gitaa. Mwaka 1978 alivuka kuja Tanzania kwenye bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy. Makassy ilipohamia Nairobi yeye akabaki, akajiunga na Matimila, baadaye Super Matimila, na Tanzania nzima ikamjua kwa jina la Remmy.

Remmy aliuita mtindo wake ubongo. Hapo pana mchezo unaohitaji mtu wa mwambao wa Tanganyika kuufaidi wote. Kwa Mtanzania ubongo ni akili, na Bongo ni Dar es Salaam, mji unaotaka mtu atumie akili ili aishi. Lakini katika Kiswahili cha Kongo, bongo ni uongo. Mtu wa Uvira akimwambia mwenzake kwamba anasema bongo, anamwambia anadanganya. Neno linapanda boti Kalundu likiwa na maana ya uongo, linashuka Kigoma likiwa akili, linafika Dar kwa treni likiwa mji. Mtu aliyezaliwa Kindu na kuishi Sinza, mtaa wa Dar, alizijua maana zote hizo, na muziki aliouita ubongo ulikuwa wa kuusema ukweli kuhusu umaskini, kifo na dharau za wenye nacho.

Kiswahili chake jukwaani hakikuwa cha redio. Kilikuwa na mwendo wa Kikongo, sarufi yake ilichechemea mahali palipomfaa, naye alikitumia kama mzungumzaji wa kijiweni: anaanza jambo, analiacha, anaongea na msikilizaji, anauliza, anarudi. Wasafishaji wa lugha walikuwa na la kusema. Wasikilizaji hawakuwa nalo. Albamu yake ya mwaka 1989, iliyorekodiwa Uingereza katika studio za mwanamuziki Peter Gabriel, iliitwa kwa Kiingereza nyimbo za mtu maskini, na mtu maskini alijua kwamba mwimbaji anamwongelesha kwa ulimi wake.

Kisha ukaja wimbo wa soksi.

Ilikuwa karibu na mwaka 1990. UKIMWI ulikuwa unaua Kagera na Dar es Salaam, Bukavu na Bujumbura, na lugha yenyewe ilikuwa imeingiwa na woga. Kagera ugonjwa ule uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinapendwa madukani. Kinshasa watu waliichukua SIDA, mkato wa Kifaransa, wakaipa tafsiri yao ya dhihaka: ugonjwa uliobuniwa ili kuwakatisha tamaa wapendanao. Mchezo wa herufi hapo ulikuwa wa kujificha, na uliwaponza wengi. Franco alijaribu njia ya wazi kabisa mwaka 1987, akaimba kwa uzito wa mhubiri katika Attention na SIDA.

Remmy alichukua njia ya katikati ambayo ni mchezaji wa maneno peke yake angeiona. Alichukua vazi la mguuni. Wimbo wake uliitwa Mambo kwa Soksi, na soksi ilikuwa kondomu. Neno la dukani, la mtoto wa shule, lisilo na harufu ya hospitali wala ya msikitini wala ya kanisani. Mtu mzima angeweza kulitamka mbele ya mkwewe. Mtoto angelisikia asielewe, na aliyetakiwa kuelewa asingeweza kujifanya hakuelewa. Jiwe limetupwa gizani, lakini safari hii halikumlenga mgomvi, lilitaka kuokoa maisha ya aliyepigwa nalo.

Redio Tanzania haikukubali kuupiga wimbo huo. Haikusaidia kitu. Kanda zilinakiliwa, madansi yalijaa, na soksi ikaenea mitaani, kwa sababu neno lililochekesha halihitaji kibali cha kurushwa hewani. Kwa miaka ile, katika nchi ambayo neno lenyewe la kondomu lilikuwa linamezwa, wimbo mmoja wa mzaha uliwapa watu namna ya kuanza mazungumzo ambayo mabango ya serikali yalishindwa kuyaanzisha. Hilo ndilo la kuwajibu wanaosema kuchezea maneno ni kupoteza wakati. Wangapi waliokolewa, hakuna daftari linaloweza kusema. Lakini mtu aliyekuwa kijana wakati ule, awe Dar, Kigoma au Uvira, hukumbuka alivyocheka, na hukumbuka alichokielewa baada ya kucheka.

Miaka ya mwisho Remmy aliumwa, akapooza, akaokoka na kuimba nyimbo za dini. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010.

Kituo cha daladala karibu na nyumba yake Sinza kilikuwa kimeshachukua jina lake akiwa hai. Kinaitwa Kwa Remmy. Kinshasa tajiri hulipa ili jina lake litupwe mara moja katikati ya sebene. Sinza, kila basi linapokaribia, konda anachomoza kichwa mlangoni, anavuta irabu ya kwanza, anaikata ya mwisho, anaupiga ubavu wa gari kwa kiganja mara mbili na kulitupa jina la mtoto wa Kindu kwa sauti kali, na abiria wanaanza kusogea mlangoni kabla gari halijasimama.